Njia za velo nyuma ya mji wetu ziachwe huru



Mwezi uliopita nilitoka nyumbani Mangobo saa kumi na moja ya asubuhi na velo ya marehemu mjomba wangu, chupa mbili za maji, kwanga moja na simu yenye betri nusu. Nilivuka daraja la Tshopo, nikaacha barabara kubwa ya Banalia, nikashika ile ya zamani ya Buta. Kwenye mpando wa kwanza nikakutana na kijana anasukuma velo yenye magunia matatu ya makala. Akasimama kunitazama.

"Yaya, unaenda wapi na velo bila muzigo?"

"Ninaenda tu kuangalia pori."

"Kuangalia pori? Na nani njo anakulipa?"

"Hakuna mutu."

Akacheka mpaka magunia karibu yaanguke. Halafu akasema, bila ubaya: "Weye ulisoma mingi sana."

Ni kweli nilisoma. Nina lisansi ya biolojia ya Chuo Kikuu cha Kisangani, na huu ni mwaka wa tatu sina kazi. Ninauza yunite za simu karibu na soko, na umeme ukiwepo ninawapigia wanafunzi kazi zao kwenye kompyuta ya rafiki. Kwa hiyo kicheko cha yule kijana sikukichukia. Lakini nilipofika mbele kidogo nilielewa kitu. Mimi nilikuwa ninapanda njia ile kwa macho, yeye kwa tumbo, ila njia ni moja. Daraja la miti lililooza linatungoja sote wawili. Na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na mtu ameketi kivulini anadai franga, inatungoja sote wawili pia.

Ninajua hapa tumezoea kuandika juu ya maji, umeme, mishahara ya walimu, wenzetu waliokamatwa. Sasa huyu anatuletea velo. Nivumilieni.

Huko nje kuna mchezo unaitwa graveli, yaani changarawe. Velo yake ina usukani uliopinda sawa na ya mashindano ya lami, lakini tairi ni pana zaidi na linashika kwenye vumbi na matope. Mtu anachagua kwa makusudi njia isiyo na lami. Anakata msitu na vilima, anazunguka mabwawa ya umeme, analala kijijini, anarudi kwake mchafu na mwenye furaha. Ulaya na Marekani watu wanalipa pesa nyingi kwa hilo. Wanalipa ili wateseke kwenye barabara mbaya! Sisi tunazo bure.

Kenya walielewa mapema. Tangu Juni 2021 kuna Migration Gravel Race, siku nne, kilomita karibu 650 kwenye njia za vumbi za upande wa Maasai Mara. Mmoja wa walioisukuma alikuwa Mkenya Suleiman Kangangi, wote walimwita Sule. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vijana wa Afrika Mashariki wana miguu, wanachokosa ni visa na tiketi ya ndege, basi mashindano yaje nyumbani kwao. Sule alifariki Agosti 2022 kwenye mashindano ya graveli huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Mashindano ya Mara hayakufa pamoja naye.

Na Rwanda? Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya velo za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Siandiki hii kuwasifu. Tunajua kinachoendelea Goma na Bukavu, na hapa Kisangani hakuna mtu mwenye akili aliyesahau Juni 2000, zile siku sita ambapo majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, juu ya vichwa vya wazazi wetu. Lakini tazama: pembeni ya ziwa Kivu, upande wao, kuna njia ya kutembea na ya velo yenye kilomita 227. Wameiita njia ya Congo-Nil. Jina limebeba Kongo, wageni wanalala kwao.

Sasa sisi tuna nini? Tuanze na ukweli: vilima vyetu si vya Kivu. Kisangani inakaa karibu mita 400 tu juu ya bahari. Ukiangalia ramani utasema ni tambarare. Ukiwa juu ya velo utasema ingine. Kila kilomita mbili tatu njia inashuka kwenye kijito, chini kuna miti miwili au mitatu imelazwa kama daraja, halafu unapanda udongo mwekundu unaoteleza sawa na sabuni. Fanya hivyo mara ishirini kabla ya saa sita, utanieleza kama ni tambarare. Na mvua: tunapata zaidi ya milimita 1.700 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Kuanzia Desemba mpaka Februari inapungua, tena kidogo Juni na Julai. Hapo njo wakati wa kupanda.

Njia fupi kabisa inaanzia bwawa la Tshopo, ndani ya mji. Lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa bado Stanleyville, na mpaka leo tunaliangalia kwa macho ya umeme peke yake: umewaka, haujawaka. Nenda siku moja asubuhi mapema. Upande mmoja maji yametulia, wavuvi wako juu ya mitumbwi, ukungu haujatoka. Upande mwingine mto unaanguka kwenye miamba na unasikia sauti yake kabla hujauona. Nina rafiki amezaliwa komini ya Tshopo, ana miaka 24, hajawahi kusimama pale zaidi ya dakika tano. Aliogopa kuulizwa "unafanya nini hapa?" Tumefundishwa kwamba mahali pazuri pana mwenyewe, na mwenyewe si sisi.

Baada ya daraja, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kilomita kama 14 au 15, kuna hifadhi ya msitu ya Masako. Iliandikwa mwaka 1953, hekta 2.105, ndani ya mviringo wa mto Tshopo. Wanafunzi wa biolojia tunaijua kwa miguu. Mimi mwenyewe nilifanya kazi yangu ya mwisho pale, kuhesabu panya wa pori kwenye mitego. (Ndiyo, nina diploma ya panya. Chekeni.) Panya wale walinifundisha kitu kimoja: wale wa msitu wa zamani si wale wa shamba lililoachwa, na kila mwaka wa shamba unasogea ndani. Ukifika Masako leo, unapita kwanza mashamba ya mihogo, vichaka, miti michanga, halafu ghafla jua linazimika, hewa inakuwa baridi, na uko chini ya miti ambayo babu yako aliikuta. Ghafla hiyo bado ipo. Lakini zamani ilikuwa karibu zaidi na mji.

Njia kubwa, ile ninayoota, ni ya Yangambi. Kilomita karibu 100 kuelekea magharibi, unavuka mto Lindi, unapita vijiji, unafika kwenye uwanda wa juu unaoangalia mto Kongo. Hapo Wabelgiji waliweka mwaka 1933 makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana dunia nzima. Leo ni INERA. Mafuta ya mawese yanayopakwa kwenye mkate wa Ulaya yana deni kwa Yangambi: ni pale, mwaka 1941, watafiti walipoeleza jinsi ya kupata ngazi aina ya tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nene, kwa kuzalisha aina mbili pamoja. Na tangu 2020 kuna mnara wa mita 55 umesimama juu ya miti, unapima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ya kaboni. Msitu unaouzunguka ni hifadhi ya UNESCO tangu 1976. Dunia nzima inasoma namba za mnara ule. Sisi wa kilomita 100 tunaujua kwa picha ya simu.

Juu ya upande wa kushoto wa mto nitasema kifupi. Kuna njia ya Ubundu, kilomita 125 pembeni ya reli iliyofunguliwa 1906 ili kuruka maporomoko. Inapita hifadhi ya Yoko na inakata ikweta. Ni nzuri kupita zote. Lakini tangu Februari 2023 mzozo wa ndugu zetu Wambole na Walengola umechoma vijiji na kukimbiza watu mpaka mjini, na sitamshawishi mtu kwenda huko kwa mchezo. Kwanza amani, na uulize wenyeji, halafu velo.

Bon. Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Njia hizi hazikuachwa wazi na Serikali. Ziliachwa wazi na watu wa velo. Wakubwa wetu wanakumbuka: kuanzia Agosti 1998 mto ulipofungwa na vita na magari yakaisha, mji huu ulilishwa na baiskeli. Toleka, kwa Kilingala "tupite", ilizaliwa wakati ule, kwanza kubeba watu mjini, na wengine wakashika pori, wakaleta mchele, mawese, ndizi, makala. Leo pikipiki zimechukua abiria. Velo zimebaki na mizigo, na na wale ambao hawana pesa ya pikipiki. Lakini nenda ukaangalie kijito chochote nje ya mji: nani alilaza mti mpya pale ule wa zamani ulipovunjika? Si mainjinia. Ni mtu mwenye panga aliyekuwa anataka kufika sokoni kabla ya jioni.

Nina jirani, mzee mmoja, kila wiki mbili anaenda kutafuta mchele. Mwaka huu nilimuomba nimfuate, safari ya siku mbili na nusu. Velo yake ameiongezea chuma cha ujenzi kwenye fremu, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, kwa sababu kurudi haupandi, unasukuma. Alipakia magunia mawili ya mchele na bidoni ya mawese ya lita 25. Mimi nilibeba gunia moja dogo, na aibu kubwa, kwa sababu kila mpando nilisimama kupumua na yeye, mwenye miaka zaidi ya 50, akaningoja bila kusema kitu.

Wakati wa kurudi tulikuta barieri tatu. Sitataja upande wala watu, kwa sababu mzee bado anapita pale. Ya kwanza tulilipa franga 1.000. Ya pili 1.500, kwa sababu, walisema, mimi ni "mwanafunzi" na wanafunzi wana pesa. Niliomba karatasi. Wakacheka sawa na yule kijana wa makala, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine. Ya tatu hatukuwa na kitu tena. Mzee alieleza kwa upole, akavua kofia, akaomba "wakubwa" wamuachilie, atalipa safari ijayo. Mtu aliyeweza kuwa mtoto wake alizunguka velo polepole, akaangalia, akachukua pompi ya upepo iliyofungwa chini ya fremu. "Hii inabaki hapa. Ukileta franga, utaichukua."

Baada ya kilomita kama tisa tairi la nyuma likatoka upepo. Anayejua velo anajua: bila pompi, kufunga tundu hakusaidii kitu. Tulikata majani makavu, tukayajaza ndani ya tairi mpaka likawa gumu, tukasukuma vile mpaka usiku na kesho yake mpaka saa nane. Tairi liliisha kabisa. Tairi jipya lilikula faida yote ya mchele. Mzee hakulalamika hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu alikuwa amezoea.

Wengine watasema: ni franga 1.000 tu, usilete siasa. Basi tufungue Katiba ya 18 Februari 2006, ile tunayoibeba mfukoni siku za maandamano. Kifungu cha 30 kinasema mtu yeyote aliye kwenye ardhi ya nchi ana haki ya kuzunguka kwa uhuru. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Pesa ya kutengeneza barabara inajulikana inatoka wapi: mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, uliundwa 2008, na unaishi kwa ada inayokatwa kwenye mafuta ya gari na kwa malipo ya magari njiani. Velo hainywi petroli. Inakunywa jasho, na jasho halina tarifa. Kwa hiyo anayefunga kamba njiani na kudai kwa velo aonyeshe karatasi: sheria gani, kiasi gani, inaenda sanduku gani. Kama karatasi ipo, ibandikwe mtini kwa Kiswahili na Kilingala, wote wasome. Kama haipo, kamba itolewe.

Ninaomba tulibebe hili kama ombi la jumla, si la jirani yangu peke yake. Na ninaomba tusilitie ndani ya mkoba wenye madai ishirini, kwa sababu tunajua mkoba ule unaishia wapi. Kitu kimoja: velo ipite bure, kwenye teritwari zote saba za Tshopo, kuanzia Banalia mpaka Yahuma. Hakihitaji bajeti, mfadhili wala mashine kutoka China. Ni amri moja yenye sahihi, na watu wa kuifuata.

Ya pili ni yetu wenyewe, na hapa nitawaudhi wachache. Tunasema barabara zimekufa, lakini ni wangapi kati yetu wameziona? Tunapiga picha ya shimo la hapa Makiso, tunaandika "aibu", tunapata alama za kupenda 300. Nani anajua daraja la miti liko kilomita ya ngapi, lina urefu gani, lilibadilishwa lini? Simu zetu zina GPS. OpenStreetMap ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza bila kuomba ruhusa, na nyuma ya mji wetu njia nyingi hazijaandikwa. Kijana mwenye velo na simu, kwa siku moja, anaweza kurudi na njia nzima: vijito, madaraja, visima, barieri na kiasi kilichodaiwa kwenye kila moja. Tukiwa na ramani ya namna hiyo, tukienda mbele ya mkubwa hatutasema tena "barabara ni mbaya". Tutasema "kijito cha saba, miti miwili, imeoza". Ni mazungumzo tofauti. Na vile vijiji vyenye komite za wakantonye vitapata kitu cha kuonyesha.

Watalii? Sijui kama watakuja, na kusema kweli sijali sana kwa sasa. Ninaona wenzetu wanapenda kuanzia pale: hoteli, mradi, logo, warsha yenye soda. Mgeni atakuja siku akisikia wenyeji wanapanda kwa raha yao. Tuanze sisi. Kijana wa Kabondo aone Masako kabla ya Mjerumani.

Kuna swali moja limenisumbua usiku, na sitalificha. Njia ikiwa huru na madaraja yakisimama, si ni makala mengi zaidi yatatoka? Yule kijana wa magunia matatu anatoka wapi kama si kwenye msitu nilioenda kuangalia? Mimi niliyehesabu panya ninajua jibu linauma. Njia huru inafungua pori kwa kila mtu, hata kwa panga. Ila nimeona pia kwamba barieri hazikulinda mti hata mmoja. Zinachukua franga kwa gunia, kwa hiyo gunia likiongezeka wao wanafurahi. Na mtu aliyelipa mara tatu njiani anarudi kukata miti zaidi ili afidie. Njia yenye macho mengi, ya wanafunzi, wapanda velo, wenyeji wanaopata franga kwa kupika samaki na pondu ya wageni wa Jumamosi, ina nafasi nzuri kuliko njia yenye giza. Nafasi tu, si uhakika. Yule kijana akipata kazi nyingine ataacha makala, aliniambia mwenyewe. Nilimuuliza kazi gani. Akasema: "Yoyote yenye haivunji mugongo." Tulikuwa watu wawili bila kazi kwenye mpando mmoja, mmoja ana diploma.

Neno kwa dada zetu: mjini wasichana wachache sana wanapanda velo, na wakipanda wanapigiwa miluzi. Nje ya mji nilikutana na mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na ndizi nyuma, anashuka kwenye daraja la miti bila kushika breki. Hakuna aliyepiga mluzi, nafikiri kwa hofu. Njooni.

Basi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili ya asubuhi, upande wa pili wa daraja la Tshopo. Tunaenda Masako na kurudi, kilomita kama 30, polepole. Hakuna mashindano, hakuna fulana za rangi moja, hakuna hotuba. Tutapita kwanza kwa chifu wa kijiji kumsalimia, na tutawasikiliza watu wa hifadhi kama kuna mahali hatupaswi kuingia. Velo yoyote inafaa, hata ya toleka, hata ya kukopa, mradi breki moja inashika. Mkileta simu, washeni GPS na mlete daftari ndogo pia, kwa sababu betri zetu tunazijua. Tukikuta kamba njiani, tunashuka, tunasalimia, tunaomba karatasi kwa heshima, tunaandika jibu walilotupa. Hakuna kugombana, hakuna kulipa bila risiti, hakuna kumpiga mtu picha usoni.

Maji, chakula chako, kiraka na gundi. Mwenye pompi aje nayo. Ile ya jirani yangu haijarudi bado.